Pembe ya Chini, Kulia

Batam, 25 Juni 2018

Mbak Warniti,

Sauti moja imenifuata mpaka huku: bangili ya Ibu, mama yetu, ikigonga kioo. Si sauti kubwa. Kling, kisha kimya. Niliisikia siku ya tatu ya Idi, nimepiga magoti nyuma ya kitanda chake na nyaya mikononi, nikadhani mkono wake mbovu umeteleza. Nikauinua, nikaurudisha juu ya mto. Baada ya muda, kling. Nikaurudisha tena. Sasa niko kiwandani, mashine zinanguruma kila upande, na ni hiyo tu ninayoisikia.

Naandika barua kwa sababu mbili. Kwanza, kile kioo hakina mtandao. Marekebisho yake yatasafiri ndani ya kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, na kadi haipiti kwenye simu. Pili, kwenye simu mimi na wewe hugombana kama mawifi wote. Kwenye karatasi angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Kioo chenyewe ni cha mguso, cha aina ambayo kiwanda chetu huiweka kando ikiwa na mkwaruzo. Nyuma yake nimefunga kompyuta ndogo inayotumia Linux. Waliokitengeneza kioo hawakujali Linux, kwa hiyo hakikuwa na kiendeshi, yaani ile programu inayosikiliza kioo kikisema "nimeguswa hapa" na kuupelekea mfumo habari hiyo. Nimekiandika mwenyewe, jioni baada ya jioni, tangu Januari. Waya ulikuwa mfupi, ikanibidi nikifunge kioo juu chini. Usishtuke. Kiendeshi kinageuza kila mguso, na Ibu anaona kila kitu kimesimama sawasawa.

Katikati kuna picha za vitu: maji, choo, chakula, maumivu. Kwenye pembe nne kuna nyuso. Mimi niko juu kushoto, Mas Panggih kaka yangu juu kulia, Bu Darmi jirani chini kushoto, na wewe chini kulia, karibu na waya. Akigusa picha, kioo kinatamka kwa sauti ya kufika jikoni. Miezi saba sasa tangu kiharusi kimnyang'anye maneno. Hiyo ndiyo sauti aliyobaki nayo.

Niambie anamwita nani.

Wening


Klaten, 3 Julai 2018

Dik Wening,

Assalamu alaikum, maana wewe msomi umesahau hata kusalimu.

Kioo chako kina wazimu. Jana kimepiga kelele "Maji! Maji! Maji!" mpaka Bu Darmi akauliza ng'ambo ya ukuta kama nyumba inaungua. Nimekimbia na kikombe kama mhudumu wa harusini. Nafika, Ibu amefumba mdomo, hataki tone. Mkono wake wa kulia umelala juu ya kioo kama samaki sokoni. Narudi kwenye sufuria. "Maji! Maji! Warniti!" Naingia tena, ananikodolea macho kana kwamba ni mimi niliyemsumbua. Nikamwambia, "Bu, wa kunipigia kelele humu ndani ninao wawili, wewe na mwanao. Wa tatu simhitaji." Akacheka, kwa ule upande mmoja unaocheka.

Vitu anavigusa vizuri, kwa mkono wa kushoto, kwa ncha ya kidole. Anataka choo, anagusa choo. Ibu yuleyule aliyenifokea mbele ya shangazi zako kwa kumpa mtu chai kwa mkono wa kushoto! Nilimtazama tu, na alijua ninachowaza.

Ila huo wa kulia sijui anauburutia nini. Unamchukua muda, jasho linamtoka, kisha unaanguka na bangili yake, na kioo kinaanza kubwata. Kirekebishe. Namgeuza Ibu mara nne kwa siku, nafua mashuka, Mas Panggih yuko karakana ya reli mpaka jioni. Kukimbizwa na kioo sikuahidiwa nilipoolewa.

Warniti


Batam, 11 Julai 2018

Mbak,

Assalamu alaikum. Haya, nimesalimu.

Kosa ni langu. Kioo kinahisi chochote chenye mwili, na kiganja kikilala juu yake kinadhani ni vidole vitano. Nimeongeza sheria kwenye kiendeshi: mguso wowote mpana kuliko ncha ya kidole utupwe. Mfumo usiambiwe kabisa. Kiganja kitalala, kioo kitanyamaza.

Kadi imo ndani ya kitambaa. Zima kila kitu, toa ya zamani, ingiza hii upande wenye maandishi ukikutazama, kisha subiri taa ya kijani bila kubonyezabonyeza. Najua utabonyeza, lakini nimesema.

Jambo moja zaidi. Kadi hii itaandika kila mguso kama kioo chenyewe kinavyouhisi, kabla ya kiendeshi kukata au kugeuza chochote. Ni ya mimi kuchunguza, ikihitajika.

Hukunijibu swali langu. Anamwita nani?

Nimechoka, Mbak, lakini si kwa kazi. Naota nambari.

Wening


Klaten, 2 Agosti 2018

Dik Wening,

Assalamu alaikum.

Nilibonyeza. Taa ikawaka hata hivyo.

Kioo kimetulia, nakushukuru. Ibu anaomba maji anapotaka maji. Uji wa mchele anaukataa kwa kugusa maumivu, na ninaamini ni maoni yake juu ya mapishi yangu.

Swali lako nililiacha kwa makusudi. Hamwiti mtu. Wiki tatu, hajawahi kuita jina hata moja. Si lako, si la mwanawe, si la Bu Darmi anayemletea tempe ya soya kila Ijumaa.

Jumapili Mas Panggih alikaa mbele yake na shati la kazini, akakisogeza kioo karibu. "Bu, mimi ni nani? Nionyeshe." Ibu akamtazama muda mrefu. Akauburuta ule mkono, ukaanguka juu ya kioo, kling, kimya. "Bu, mimi nani?" Kling. Kimya. Mara tatu. Mas akainuka, akaenda kuosha pikipiki. Ilikuwa safi.

Usiku huohuo hakula. Asubuhi akaniambia, "Hatujui tena. Tunaosha mtu ambaye hayupo." Kuna nyumba ya wazee Salatiga. Wamepata kitanda kuanzia tarehe mosi Septemba. Aliwaambia mama yake hamtambui mtu, na wao wakasema basi hatateseka kwa kuhama.

Mimi sikusema ndiyo wala hapana. Mgongo wangu hauinuki bila kushika ukuta. Nakuandikia ukweli, usije ukausikia kwa shangazi.

Na kama unajiuliza, uso wangu sikutarajia auguse. Hukuwepo siku niliyoletwa kwenu mara ya kwanza, ulikuwa shuleni Yogya. Mgeni aliuliza akae wapi, nikamwonyesha kiti kwa kidole cha shahada. Kwetu Tegal mtu akiuliza, anaonyeshwa, basi. Ibu alinishika mkono mbele ya watu wote, akavikunja vidole vyangu vinne, akaliacha dole gumba, akauinamisha mkono wangu taratibu. "Mtu huonyeshwa hivi," akasema. "Kile kingine ni cha kuonyeshea kuku." Mikono yake ilikuwa laini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Amepamba mabibi harusi Klaten nzima, Dik. Mimi, mkwe wake, alimtuma mwanafunzi wake anipambe.

Kwa hiyo huyo asipogusa picha yangu, silii.

Warniti


Batam, 7 Agosti 2018

Mbak Warniti,

Asiende. Msikubali lolote kabla sijaiona kadi. Itoe, ifunge kitambaani, itume leo. Ya zamani irudishe mahali pake.

Na nijibu waziwazi, kwa kuwa huwa unasema watu wa Tegal hamzungukizungukii maneno: unataka aende?

Wening


Klaten, 12 Agosti 2018

Dik Wening,

Kadi hii hapa.

Unauliza kama nataka aende. Umeuliza kutoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, ng'ambo ya bahari. Nikijibu ndiyo, mimi ni mkwe mbaya. Nikijibu hapana, mimi ni mwongo siku mbili kati ya saba. Mimi ndiye ninayejua kidonda cha kisigino chake kina ukubwa gani wiki hii. Wewe unajua ukubwa wa kiganja chake kwenye kioo.

Mas ameshanunua begi la nguo zake. La kijani.

Warniti


Batam, 20 Agosti 2018

Mbak Warniti,

Assalamu alaikum. Nisamehe kwa barua iliyopita, na soma hii ukiwa umeketi. Kisha msomee Mas Panggih, hata kama yuko na ndoo na sabuni.

Ibu anatujua.

Nimekesha na kadi yako. Kila mguso wa wiki nne umo: mahali, upana, muda. Ile miguso midogo ya mkono wa kushoto ni maji na choo, kama ulivyosema. Lakini kuna mingine mia moja tisini na sita, mipana, mizito, ya kukaa. Kiendeshi changu kiliitupa yote, kwa sheria niliyoiandika mimi. Kiganja kikiteleza huangukia popote. Hii haikuangukia popote. Yote iko kwenye pembe nne. Katikati, kwenye maji na chakula, hakuna hata mmoja.

Nilikaa naitazama mpaka barua yako ya tarehe mbili ikanirudia. Umbo la alama lenyewe ni refu na limelala upande, na nyuma yake kuna vifundo vinne vilivyokunjwa. Mbak, ni dole gumba. Vitu anavionyesha kwa kidole cha kushoto, maana maji hayana heshima ya kuvunjiwa. Watu hawezi kuwaonyesha hivyo. Amepooza, hana neno hata moja mdomoni, na bado anakataa kumwonyesha mtu kwa mkono wa kushoto au kwa kidole cha kuonyeshea kuku. Anauburuta mkono uliokufa, anakunja vidole, analaza dole gumba juu ya uso wa mtu. Ile kling. Nilimrudishia mkono wake juu ya mto, Mbak, mara mbili, nikidhani namsaidia.

Hata mwanzoni, kabla ya sheria yangu, zile "Maji! Maji!" zilikuwa ni ngumi ikipita katikati, njiani kwenda kwenye uso.

Na sasa nikuambie lile linaloniwia gumu kuandika. Kati ya hiyo mia moja tisini na sita, mia moja thelathini na mbili iko pembe ya juu kushoto. Yangu. Kila siku, asubuhi na alasiri. Mimi niliyekwenda mbali kuliko wote ndiye anayemwita. Mingine ni ya Mas na Bu Darmi. Yako ni kumi na moja. Usihuzunike, ni zaidi ya sifuri.

Kadi mpya ina kiendeshi kinacholijua dole gumba. Mwambie Mas akae tena mbele yake, aulize tena. Kisha awapigie simu Salatiga.

Kuna jambo nimelifanya leo asubuhi. Nitakuambia baadaye.

Wening


Klaten, 24 Agosti 2018

Dik Wening,

Assalamu alaikum warahmatullahi. Nimeongeza, kwa kuwa leo unastahili.

Kadi ilifika jana. Nilingoja Mas arudi, sikutaka kuwa peke yangu. Akakaa palepale, na shati lilelile. Akakisogeza kioo karibu. Ibu akamtazama, akaanza kuuburuta mkono. Nilitaka kumsaidia, Mas akanizuia. Ukaanguka. Kling.

"Panggih!"

Mas alisema "Dalem, Bu," naam Mama, kama mtoto aliyeitwa kuoga. Akakiweka kichwa chake kwenye shuka lile ambalo sijalibadilisha tangu asubuhi. Kisha akaenda kuosha pikipiki, mara mbili. Salatiga amewapigia leo saa tatu. Kitanda wampe mwingine. Begi la kijani natilia vitunguu.

Sasa, malalamiko. Sikutaka kukuharibia furaha, lakini kiendeshi chako bado kina kosa. Nimesoma barua yako, kwamba anakuita wewe. Basi tangu jana kinaita jina langu. "Warniti!" nikiwa kwenye sufuria. "Warniti!" nikiwa kisimani. Leo mara tisa kabla ya adhuhuri. Naingia, nasema, "Bu, unamtaka Wening? Wening yuko Batam." Ananitazama tu. Nashusha pazia, nageuza mto, narudi jikoni. "Warniti!" Nadhani uso wako na wangu vimebadilishana mahali ndani ya kadi. Maskini Ibu, anamtaka binti yake, analetewa mimi.

Tengeneza hilo, Dik. Si kwamba nachoka kukimbia, nimeshazoea. Naona tu si haki kwake.

Warniti


Klaten, 14 Septemba 2018

Mbak Warniti, uliye Tegal kwa mama yako,

Assalamu alaikum. Natumaini mgongo unapumzika na hakuna anayekupigia kelele.

Uliponiuliza pale stesheni, mguu mmoja ukiwa umeshapanda treni, kama kosa la majina nimelirekebisha, nilisema nitaliangalia. Nilikudanganya. Nilikuwa nimeshaliangalia huko Batam, siku barua yako iliponifikia. Siku mbili tulizokaa pamoja jikoni nilijaribu kulisema, nikashindwa, wewe ukidhani nimenuna kwa sababu ya chumvi. Kwa hiyo nakuandikia, kama tulivyozoea.

Hakuna kosa. Kosa lilikuwa la msomaji. Kadi iliandika mguso kama kioo kinavyouhisi chenyewe, kabla ya kiendeshi kugeuza kitu, na kioo nilikifunga juu chini kwa mikono yangu. Nilikuambia hayo yote mwenyewe, katika barua zangu mbili za kwanza. Kisha nikaona alama nyingi juu kushoto, nikaacha kufikiri. Niligeuza karatasi kichwa chini mezani, mbele ya wenzangu waliokuwa wanakula, na pembe ya juu kushoto ikawa ya chini kulia.

Mia moja thelathini na mbili ni yako, Mbak. Asubuhi na alasiri, kila siku, wiki zile zote uliposema hamwiti mtu. Ile kumi na moja ndiyo yangu. Nilikuandikia usihuzunike. Nimejirudishia maneno hayo mara nyingi, yananitosha.

Nilidhani labda ni kwa kuwa wewe ndiye wa karibu, wa maji na shuka. Lakini maji yana picha yake, na choo pia, na hizo anazigusa kwa kidole cha kushoto bila shida. Akikutaka wewe, anautafuta mkono wa kulia. Sijui anataka kukuambia nini. Labda ni kuhusu siku ile ya kiti, labda ni kuhusu harusi. Labda ni uji tu. Najua tu kwamba mkono aliokukunjia vidole mbele ya watu, sasa anaukunja mwenyewe, kwa shida namna ile, akikuelekea wewe.

Tangu uondoke amekuita mara ishirini na tatu. Naingia mimi. Ananitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha analielekeza dole gumba mlangoni. Jana nilimwambia, "Bu, Mbak Warniti yuko Tegal, amelala kama malkia." Akacheka upande wake. Kidonda cha kisigino kimepungua, nimekipima kwa kifungo cha shati kama ulivyonifundisha. Uji wangu pia ameupa maumivu.

Usikimbilie kurudi. Najua utakaposoma hapa utaanza kufunga begi.

Sasa lile jambo nililosema nitakuambia. Barua ya kuacha kazi niliipeleka tarehe 20 Agosti, asubuhi, nikiamini pembe ile ni yangu na Ibu ananiita mimi. Meneja aliiweka kwenye droo. Alisema hataigusa mpaka mwisho wa mwezi, nikibadilisha mawazo nije niichukue, na alinikumbusha mara mbili. Barua yako ilinifikia tarehe 28. Siku hiyohiyo nikageuza karatasi, nikajua ni nani anayeitwa. Zilibaki siku tatu, na droo ilikuwa hatua kumi kutoka mezani pangu.

Sikuenda kuichukua.

Wifi yako,
Wening